Nani kawadanganya kwamba maji ya moto yananyoosha mlango wa gari? Fundi bodi nimechoka

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "mbinu za nyumbani" za kunyoosha gari iliyobonyea, maana ule ndio chanzo cha hasira zangu.

Mimi ni fundi bodi hapa Dar, kazi yangu ni kunyoosha na kupiga rangi. Siku hizi gari haiji gereji ikiwa imebonyea tu. Inakuja imebonyea, imemwagiwa maji ya moto, imepulizwa draya ya saluni, imevutwa na ile pampu ya mpira ya kuzibulia choo, imesuguliwa dawa ya meno, halafu ndipo mwenyewe anakumbuka kwamba duniani kuna mafundi. Nikitaja bei anatoa simu kunionyesha video: "Fundi, mbona huyu katoa kwa birika moja tu?"

Haya, tuanze na hilo birika. Hebu itazameni tena hiyo video, taratibu. Kichwa kinasema "gari iliyobonyea". Anayemwaga maji anamwagia wapi? Bampa. Nyingi nilizoonyeshwa ni bampa. Na bampa za gari zetu, iwe IST, Vitz au Noah, ni plastiki, jamii ya polipropilini. Plastiki hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka kwa 100 yanailainisha bila kuiyeyusha, na ikishalainika inataka kurudi kwenye umbo ililotoka nalo kiwandani. Ukipitisha mkono kwa nyuma ukasukuma, inarudi. Hilo ni kweli na sijawahi kulikataa. Kuna dada alileta bampa ya nyuma imeingia ndani yote, nikamwambia dada yangu nenda kachemshe maji, hela yako baki nayo. Ilikubali. Ila rangi yake ilikuwa haijapasuka na vishikizo vyote vilikuwa vizima. Kishikizo kikishakatika, chemsha hata pipa zima, hakitaunga.

Sasa mtu huyohuyo akishaona bampa imekubali, anahamia mlangoni. Mlango ni chuma jamani! Bati la mlango au fenda lina unene wa kama 0.7 au 0.8 mm, na chuma kina tabia yake: ukikisukuma kidogo, ukiachia kinarudi chenyewe. Ukikipitisha mpaka wake, kinavutika. Pale palipovutika bati limeongezeka eneo, halina pa kwenda, ndiyo maana linabaki limeingia ndani. Maji ya moto yanafanya nini hapo? Chuma kinatanuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua mbonyeo wa sm 10, litoe bati kwenye nyuzi 30 ulifikishe 100: umepata nyongeza ya mm 0.08. Unene wa unywele. Na likipoa linarudi palepale lilipokuwa.

Kama hesabu inakuchosha, egesha gari juani Kariakoo mwezi wa Februari. Saa nane mchana boneti huwezi kuweka kiganja. Kama joto hilo lingekuwa linanyoosha bati, daladala za mji huu zingekuwa zinarudi kituoni mpya kila jioni.

Najua kuna atakayekuja na "lakini hata mafundi mnatumia moto". Ndiyo tunatumia, kurudisha bati lililovutika. Ni moto wa gesi, sehemu ndogo inapashwa mpaka inakuwa nyekundu, inagongwa na kupozwa, na hapo rangi imeshakwanguliwa yote. Ukitaka kufanya hivyo sebuleni kwako, endelea.

Inayoniudhi kuliko zote ni ile ya draya na kopo. Unapasha bati kwa draya, halafu unageuza kopo la hewa ya kupulizia vumbi kwenye kompyuta, kinatoka kimiminika cha baridi kali, eti bati linashtuka na kuruka. Mbonyeo mdogo ambao bati lake halikuvutika unaweza kuruka, ndiyo, lakini huo hata kwa kusukuma na kidole gumba kutokea ndani ungetoka. Kuna ambalo video hazisemi: gesi ya makopo mengi ya aina hiyo inawaka moto. Na wewe umeshika draya yenye waya uliowaka mwekundu kwa joto ndani! Huku kwetu ndiyo kabisa, mtu akikosa kopo la kompyuta anachukua dawa ya mbu. Nimeletewa fenda yenye doa la dawa ya mbu wakuu, siwatanii, na mbonyeo uko vilevile.

Pampu ya choo na gundi ya moto angalau zina asili ya kweli. Mafundi wanaonyoosha bila kupiga rangi wanavuta kwa gundi, lakini wanavuta kidogo, wanagonga ukingo ulioinuka, wanavuta tena, huku wanasoma mwanga wa taa juu ya bati. Wewe unavuta katikati kwa nguvu zako zote, ukingo unabaki umeinuka, mwisho bati linakuwa legevu, ukiligusa linaingia na kutoka "pop, pop". Hapo umenitoa kwenye kazi ya saa chache umenipeleka kwenye kazi ya siku nzima. Halafu unanipa elfu thelathini.

Tena gari zetu hizi zimetumika. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye tanuri, imeshika. Rangi iliyopigwa chini ya mwembe juu ya bodi fila (ule udongo wa kujazia mabonde ya bati) haijaokwa popote. Ukiweka gundi ya moto ukavuta, inakuja rangi, inakuja na fila, unabaki unaangalia bati tupu. Kabla hujagusa chochote weka sumaku. Isiposhika mlangoni, chini kuna fila nene, acha. (Wenye Prius msikimbie kulalamika kwamba boneti haishiki sumaku. Boneti yenu ni alumini, na alumini ina mambo yake, usiigongegonge.)

Dawa ya meno sina muda nayo. Ni msasa laini tu. Inapunguza mkwaruzo wa juujuu kwenye kliya (lile tabaka la juu linalong'aa, lisilo na rangi), haijazi kitu wala hainyooshi kitu. Rangi yote ya gari, tabaka zote pamoja, mara nyingi haifiki hata mm 0.2, na watu wanasugua kama wanaosha sufuria.

Na wenzangu wa gereji nao wasifurahi. Watu wanakimbilia birika kwa sababu kuna mafundi wakiona mbonyeo wa kidole wanakwangua mlango mzima, wanajaza fila sm nzima, miezi michache kila kitu kinapasuka na kutu ya pwani inamalizia. Mteja akiumwa hivyo mara moja haamini tena mtu.

NYONGEZA: Mnaoniandikia faragha kwamba naogopa kukosa wateja, wateja ninao. Hizo video ndizo zinazowaleta.

Mkuu uliyeuliza kuhusu mlango wa Noah yako uliobonyea: swali langu ni moja, je, kuna mkunjo mkali, au umeingia kwa mviringo? Zima taa za nje, washa tochi ya simu ukiilaza ubavuni mwa mlango, piga picha uweke hapa. Na maji usichemshe.