Koloni za pinki kwenye MacConkey, indoli inasema hivi sitreti inasema vile. Huyu bakteria ni nani?

fieldi_tupu:
Habari za jioni wakuu, nipo fieldi kwenye maabara ya hospitali moja ya wilaya, naombeni msaada wa haraka. Ni mkojo wa mama mmoja wa wodini, ulipandwa juzi kwenye CLED na MacConkey (pleti za chakula cha kuoteshea bakteria) kwa lupu (waya wenye kitanzi) ya mikrolita 1, kesho yake pleti imejaa, koloni (vishada vya bakteria) zinapita mia kwa hiyo ni zaidi ya 100,000 kwa mililita, hapo sina swali. Koloni za pinki, kubwa, zinang'aa, ukizigusa na lupu zinavutika kama mlenda. Gram (rangi ya darubini) ni vijiti vyekundu. Oksidesi (kipimo cha kimeng'enya) hasi. Kichwani nikasema hii Klebsiella, ila nikaweka tyubu zote za baiokemia za kumtambua mdudu kama kawaida na leo kusoma sasa ndo nimechanganyikiwa: TSI (tyubu ya sukari tatu na chuma) njano juu njano chini na gesi, weusi hakuna. Indoli chanya, pete nyekundu kabisa. Sitreti bluu, yaani chanya. Yuria pinki kwa juu, nayo chanya. Halafu motiliti imetawanyika, yaani mdudu anatembea!! Klebsiella hatembei, na E. coli sitreti haigusi. Hapa hatuna API (ukanda wa vipimo vidogo vya kutambua mdudu) wala mashine, ni tyubu tu, na dokta kashapiga simu anataka majibu.

chapa_kazi:
Mkuu usijipe presha, koloni ya pinki yenye ute kwenye mkojo ni Klebsiella, andika Klebsiella spp. peleka. Wengine tunafanya hivyo miaka yote na wagonjwa wanapona.

Bi_Darubini:
@chapa_kazi hapana kaka, usimfundishe mtoto wa watu hivyo. Ute peke yake si kitambulisho, zipo E. coli zenye ute na zipo Klebsiella kavu kabisa. Na kinachouma ni dawa: Klebsiella ana usugu wa asili kwa ampisilini, E. coli hana, kwake inategemea huyo uliyemkamata, kwa hiyo jina ukilikosea na dawa inakosewa.

Mdogo wangu @fieldi_tupu, angalia majibu yako kwa utulivu. Toa ile indoli na motiliti, kinachobaki (sitreti bluu, yuria ya taratibu, TSI njano na gesi) ni Klebsiella pneumoniae kama ilivyo kitabuni. Sasa toa sitreti na yuria, kinachobaki ni E. coli kama alivyo. Umeona? Tyubu zako zinaongelea wadudu wawili kwa wakati mmoja. Mimi kabla sijamtafuta mdudu wa ajabu huwa najiuliza kwanza kama koloni niliyochukua ilikuwa safi. Ulichukua koloni moja iliyokaa peke yake au ulipitisha lupu pale zilipobanana? Na ulichukua kutoka pleti gani?

pleti_na_lupu:
Salama wote. Naongezea alipoishia Bi Darubini, mimi niko Mombasa. Hata koloni inayoonekana imekaa pekee kwenye MacConkey haiaminiki sana, ile midia ina chumvi za nyongo na kristali vayoleti zinazozuia wadudu wengine kuota lakini haziwaui wote, wanabaki wamelala pale chini ya koloni yako na ukihamishia kwenye tyubu yenye chakula kizuri wanaamka. Ndio maana tunapitishia kwanza kwenye nutrienti aga au aga ya damu (midia zisizo na vizuizi hivyo), usiku mmoja, ndo unaweka baiokemia. Oksidesi nayo usiifanyie koloni ya MacConkey, asidi ya laktosi inaharibu jibu, na usitumie lupu ya nikromu, chuma chake kinaleta zambarau ya uongo. Kijiti cha mbao kinatosha.

swali_tu:
Samahani kuingilia, kwani Klebsiella oxytoca si ana indoli chanya? Kwa nini asiwe yeye tu tukamaliza?

Bi_Darubini:
Swali zuri. Oxytoca indoli ni chanya kweli, sitreti chanya, yuria chanya, ila naye hatembei. Ile motiliti ndo inamtoa. Enterobacter anatembea na sitreti anakula lakini indoli yake hasi, naye nje.

Yupo mmoja wa kawaida ambaye kwa haki anaweza kuvaa majibu yote haya peke yake, Citrobacter koseri: anatembea, indoli chanya, sitreti chanya, yuria mara nyingi inageuka kidogo. Ila laktosi yake huwa ya kusuasua na ute wa hivyo si kawaida yake. Ukishasafisha na bado ukapata majibu yaleyale, weka tyubu za laisini na onithini (vipimo vya amino asidi). Koseri laisini hasi onithini chanya, Klebsiella ni kinyume chake. Ila safisha kwanza!

mzee_wa_tyubu:
Sitreti pia muiangalie jamani. Vijana wanachota koloni nzima wanapaka kwenye sitreti, ule mzigo unabeba chakula chake kutoka pleti ya kwanza na kesho yake bluu ya uongo. Gusa koloni kwa ncha ya waya mnyoofu, pitisha mara moja, basi, na kifuniko usikikaze maana inahitaji hewa. TSI isomwe ndani ya saa 18 mpaka 24, glukosi humo ni asilimia 0.1 tu, laktosi na sukrosi asilimia 1 kila moja, ukiiacha mpaka kesho kutwa mdudu anamaliza sukari anarudi kula protini na juu panarudi wekundu. Umeme wenyewe ukikatika usiku inkubeta inapoa halafu unasoma vitu havijakomaa, ila hilo tuliache leo.

fieldi_tupu:
Wakuu nimerudi. Ile koloni niliichukua MacConkey, sehemu zilipobanana. Jana nimechora upya kwenye MacConkey mpya na aga ya damu, safari hii nachoma lupu kila robo ya pleti, na leo zipo aina mbili kabisa ukizitazama kwa mwanga wa pembeni. Moja ile ya mlenda, kubwa, pinki iliyopauka. Nyingine ndogo, bapa, kavu, pinki iliyokolea na imezungukwa na ukungu wa pinki kwenye aga, huo ukungu pleti ya kwanza haukuonekana kabisa, ute uliufunika.

Bi_Darubini:
Huo ukungu ni chumvi za nyongo zimeganda kwa asidi kali, E. coli ndo zake hizo. Ila usiandike bado, weka tyubu za kila mmoja kivyake.

fieldi_tupu:
Majibu haya hapa. Kavu: indoli chanya, motiliti chanya, sitreti kijani, yuria hasi. Ya mlenda: indoli hasi, hatembei, sitreti bluu, yuria pinki taratibu. Asanteni sana. Sasa naripoti wote wawili au naandika mkojo umechafuliwa?

mzee_wa_tyubu:
Wadudu wawili, kila mmoja kwa wingi unaopita 100,000, ripoti wote. Wakifika watatu au zaidi ndo unaandika mchanganyiko na kuomba sampuli nyingine. Muulize nesi kama mama ana katheta (mpira wa mkojo), kwa mwenye katheta wadudu wawili ni jambo la kila siku. Vidonge vya dawa vya kupimia usugu uliviwekea koloni gani?

fieldi_tupu:
Niliviweka siku moja na baiokemia za kwanza.

Bi_Darubini:
Basi zile zoni (duara ambamo mdudu hakuota kuzunguka dawa) zote futa. Vipenyo ulivyopima ni vya wadudu wawili pamoja, ampisilini itakuwa imeonyesha sugu kwa sababu ya Klebsiella hata kama E. coli wako anakufa nayo. Tengeneza maji ya ukungu ya 0.5 McFarland (kipimo cha uzito wa ukungu) kwa kila mmoja kutoka aga ya damu, pleti mbili za Mueller Hinton (aga ya kupimia dawa), na ATCC 25922 (E. coli wa kuhakiki ubora) kama unayo iweke pembeni siku hiyohiyo. Dokta mpigie mwambie jina analo leo, dawa kesho saa nne.

fieldi_tupu:
Nimempigia. Kanuna kidogo ila kakubali.