Shule ya kati iombe kutambuliwa na Schools to Watch, au walimu waachwe wafundishe?

MamaNeema
Habari za jioni, ndugu zangu mlioko Marekani. Shule za kati zenye watoto wetu wengi, zile za darasa la 6 hadi la 8, zinashawishiwa kuomba kutambuliwa na mpango wa Schools to Watch. Mpango huu ulianzishwa 1999 na National Forum to Accelerate Middle-Grades Reform, na maombi hupitia timu ya jimbo. Shule ikipita, cheo ni cha miaka 3, kisha inapimwa upya. Maeneo ya kupimwa ni manne: ubora wa masomo, malezi yanayolingana na umri wa balehe, usawa wa kijamii, na mpangilio wa uongozi na ratiba. Mimi nasema iombe, kwa sababu hawatafuti shule isiyo na kasoro, wanatafuta inayopanda na inayojua inapandaje. Nyie mnasemaje?

Mwl_Hesabu
Isiombe kwa pupa. Makosa huanzia kwenye hatua ya kwanza kabisa. Kuna jedwali la kujipima, kila kigezo kinapewa alama 1 hadi 4. Mkuu wa shule na msaidizi wake wakilijaza wawili mwisho wa wiki, kila mahali 4, wakaguzi watajua kabla ya chakula cha mchana. Siku ya ziara wanaingia madarasani, wanakaa na walimu, wanafunzi na wazazi kila kundi peke yake, na maswali ni yale yale.

Njia ya haki: kila mfanyakazi ajaze peke yake, bila jina, kabla ya kikao chochote, na wa jikoni na madereva wa basi waulizwe yanayowahusu. Kisha msiangalie wastani. Wastani wa 2.5 unaweza kuwa watu wote wamesema 2 au 3, au nusu wamesema 4 na nusu wamesema 1. Hiyo ya pili ndiyo yenye kazi: kuna shule mbili ndani ya jengo moja. Kazi hiyo ikifanywa vizuri ni mwaka mzima. Nani atafundisha?

Mvita1
Kama ni kuhangaika hivyo, si bora waombe Blue Ribbon, ile tuzo ya shule ya serikali kuu? Ina uzito zaidi. Halafu tuseme ukweli, cheo kitasaidia nini ikiwa wazazi wetu wenyewe mkutano wa mwalimu hawaji? Viti vitupu kila msimu.

PapaFuraha
Mvita, hilo neno lirudishe mfukoni. Hawaji, au hawakuitwa? Mkutano saa nane mchana, zamu ya ghala inaanza saa tisa. Karatasi imeandikwa Kiingereza, imewekwa ndani ya begi la mtoto ambaye hataki isomwe. Halafu mnahesabu viti!

Na sheria iko wazi tangu zamani. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, 1974, ya wanafunzi wasiojua Kiingereza. Shule inayopokea fedha za serikali kuu lazima impe mzazi habari muhimu kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni bure. Huo ni wajibu wa shule, si hisani. Mtoto wa miaka 12 kumtafsiria mamake kwamba amefeli hesabu, hiyo nayo mnaita mawasiliano?

Mvita1
Sijamtukana mtu, Papa. Nimesema mahudhurio. Wapo wanaopata barua ya Kiswahili na bado hawaji. Hilo nalo tulinyamazie?

Mwl_Hesabu
Turekebishe la Blue Ribbon kwanza. Ule mpango wa tangu 1982 haukuwa wa shule kujiombea, jimbo ndilo lililopendekeza majina, na Wizara ya Elimu iliusitisha Agosti 2025. Kwa hiyo si chaguo tena.

Mkalimani_wa_Kiswahili
Mvita, "barua ya Kiswahili" ipi? Nyingi hupitishwa kwenye mashine na hakuna anayezisoma kabla ya kutumwa. Mzazi anaalikwa kwenye "kongamano la wazazi", anadhani ni semina ya siku tatu. Anaambiwa mtoto ana "utoro sugu" kumbe alilazwa hospitali. Hilo la pili linaumiza, na linawafukuza watu shuleni moja kwa moja. Andika hivi: "Njoo uongee na mwalimu wa mtoto wako, dakika 15, mkalimani atakuwepo." Halafu piga simu. Kuna watu hawasomi lugha yoyote, na hawatakwambia.

Jambo jingine linaanzia siku ya kuandikishwa. Fomu inauliza lugha ya nyumbani, karani anasikia "Kongo" anaandika Kiswahili. Familia ya Kinyamulenge au ya Kibembe inaingia kwenye orodha ya Kiswahili, baba anakielewa, bibi anayelea watoto hakielewi. Baadaye shule inashangaa simu hazijibiwi. Uliza swali mara mbili: nyumbani mnaongea nini, na barua mnataka kwa lugha gani? Majibu mara nyingi si mamoja.

MamaNeema
Hayo yote ni eneo la usawa wa kijamii! Ndiyo maana nataka shule iombe, iulizwe. Siku ya ziara huwa kuna kikao cha wazazi, na shule ndiyo inayowaita. Ikileta wazazi sita wa kamati, wote Kiingereza kinawatiririka, mkaguzi makini atauliza walichaguliwaje. Walimu wengine hawapendi maombi haya kwa sababu hawataki wageni nyuma ya darasa, na hilo tuliseme pia.

Mwl_Hesabu
Mama, hapo umenigusa pabaya. Mwalimu wa hesabu haogopi mgeni. Anaogopa kupewa folda ya ushahidi ya kupanga badala ya muda wa pamoja wa kuandaa masomo, ambao ndio moyo wa shule ya kati: walimu wanne wa masomo makuu, kundi moja la watoto, saa moja ya kukaa pamoja na kuulizana "huyu mtoto kwako yukoje?" Shule nyingi huanza kuichukua saa hiyo hiyo kwa ajili ya maombi. Yaani unaua kitu ili uandike kwamba unacho.

Mnataka usawa? Acheni picha za bendera ukutani. Chukueni orodha ya wanafunzi wa Aljebra 1, ile hesabu ya juu ya darasa la 8. Tuseme wanaojifunza Kiingereza ni 30 katika kila wanafunzi 100 wa shule, lakini ndani ya Aljebra ni 4 katika kila 100. Hapo hakuna mtu wa kujipa alama 4. Na mara nyingi chanzo si akili za watoto, ni ratiba. Somo la Kiingereza cha nyongeza limewekwa kipindi kile kile cha Aljebra, na ni moja tu. Mtoto aliyefanya milinganyo Kigoma au Uvira kwa Kiswahili au Kifaransa anakaa miaka mitatu anarudia hesabu za sehemu, nusu na robo. Sogeza kipindi kimoja kabla ya Agosti, umefanya zaidi ya kurasa 20 za maombi.

PapaFuraha
Hapo nakubaliana na Mwalimu. Mtoto anajua x, hajui tu neno lake kwa Kiingereza.

Mvita1
Lakini bila maombi nani angeiangalia hiyo orodha? Mahudhurio vilevile. Shule inajivunia wastani wa asilimia 94 huku kundi zima limekosa siku 18 kati ya 180. Siku hizo ni asilimia 10, na hapo mtoto anahesabiwa kuwa na utoro wa kudumu. Wastani unawaficha. Jedwali linakulazimisha kugawanya takwimu kwa makundi: wenye ulemavu, wenye kipato cha chini, wanaojifunza lugha.

Mwl_Hesabu
Gawanya, lakini kundi likiwa na watoto watano usiandike asilimia. Kila mtu mtaani atajua ni nani. Majina na picha vilevile, rekodi za mwanafunzi zinalindwa na sheria tangu 1974. Folda za ushahidi zimejaa kazi za watoto zenye majina kamili juu. Funika kabla ya kunakili, si baada.

MamaNeema
Sawa Mwalimu, neno la wageni nalirudisha. Basi turudi: mkutano wa wazazi uwe saa ngapi ili Papa aridhike na Mvita ahesabu viti vilivyojaa?

PapaFuraha
Mara mbili. Asubuhi kwa wa zamu ya usiku, jioni kwa wa mchana. Na watoto wadogo wawe na pa kukaa, la sivyo mzazi mmoja tu ndiye atakayekuja na mwingine atabaki nao nyumbani.

Mkalimani_wa_Kiswahili
Na saa zenyewe ziandikwe vizuri, nawaomba. Mashine ikikuta mkutano wa 6:00 PM inaandika "saa 6". Mswahili anasoma saa sita, anakuja adhuhuri, anakuta ofisi haina mkalimani, anarudi nyumbani, na kwenye daftari anawekewa "hakuja". Aliyesoma kwa Kifaransa kule Kongo anaweza kuhesabu saa kwa namna nyingine kabisa. Andika "saa 12 jioni", na pembeni yake 6:00 PM kama inavyoonekana kwenye simu.

Mvita1
Hilo la saa sikulifikiria. Ni barua ngapi zimetoka hivyo?