Sato wanapanda juu alfajiri, maji ya kijani kibichi: ni ugonjwa?

bwawa_ifk
Wakuu, habari zenu. Bwawa la udongo, Ifakara, mita 10 kwa 20, kina mita 1. Sato 1,500, miezi minne, wastani gramu 80. Wanakula kilo 6 kwa siku, nusu saa 12 asubuhi, nusu saa 12 jioni. Mbolea ya kuku viroba viwili vya kilo 25 kila wiki. Kuanzia saa 10 alfajiri wote wako juu wanatweta, jua likipanda wanashuka. Wameanza kufa, tena wale wakubwa. Dawa gani?

majibaridi
Acha dawa, mkuu, hiyo ni oksijeni. Ingekuwa ugonjwa wasingepona kila siku jua likitoka. Mwani, yaani vile vimea vidogo vinavyofanya maji yawe kijani, mchana unatoa oksijeni, usiku nao unaivuta, sawa na samaki na ile mbolea inayooza chini. Kabla ya mapambazuko ndipo inapokuwa kidogo kabisa, na samaki wakubwa ndio hutangulia kufa.

Leo hii simamisha chakula na mbolea. Punguza robo ya maji, ila yatoke chini, maana uchafu uko huko, kisha jaza mapya. Maji ya kisima yana oksijeni kidogo, kwa hiyo usizamishe bomba bwawani: yapitishe kwenye debe lililotobolewa matundu, yaanguke kama mvua. Ukiwa na pampu, anza saa 9 usiku kuvuta maji ya bwawa hilo hilo na kuyarusha juu yarudi humo humo. Usingoje mpaka waanze kutweta.

shamba_letu
Tia chokaa kilo 20, maji yatatulia.

majibaridi
Si sasa, ndugu. Maji ya kijani namna hiyo, ikifika alasiri, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) tayari iko juu, na chokaa inaweza kuipandisha zaidi; pH ikiwa juu amonia ya kinyesi inageuka sumu kali zaidi. Chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa mita za mraba 100, humwagwa kwenye bwawa lililokaushwa kabla ya kujaza. Ile ya moto inayochemka ikiguswa na maji usiisogeze kabisa penye samaki.

mama_perege
Piga hesabu, bwana. Samaki 1,500 kwa mita za mraba 200 ni saba na nusu kwa kila moja. Bwawa lisilo na mashine ya hewa linabeba wawili au watatu. Gramu 80 mara 1,500 ni kilo 120, asilimia 3 yake ni kilo 3.6. Wewe unatoa 6! Kinachobaki kinaoza. Wakitulia, walishe saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, na siku ya mawingu mazito usiwape kitu.

Mbolea kavu kwa bwawa lako haizidi kilo 10 kwa wiki, tena baada ya kupima: zamisha mkono wima, kiganja umekikunja kilale. Kikipotea maji yakiwa kwenye kiwiko, rangi iko sawa. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, usitie hata chembe.

bwawa_ifk
Shukrani mama. Maji ya kutoa nayaachia kwenye mtaro unaoingia mtoni, kuna tatizo?

mama_perege
Lipo, tena kubwa. Sato si wa asili huko Kilombero, mto unaoingia Rufiji. Akitoroka anazaana na perege wa bonde la Rufiji, wanatokea machotara, na huwezi tena kuwatenganisha. Funga wavu wa matundu madogo mdomoni mwa bomba, kwa sababu vifaranga wa bwawani hupenya mahali usipotegemea, na uusafishe kila siku usizibe. Maji yaelekeze kwenye mpunga au bustani, yana mbolea tele.

Kuhusu kupunguza samaki: kokota wavu asubuhi wakishashuka na kutulia, kama saa 3. Ukiwavulia wakiwa bado juu wanatweta, matope yatatibuka na utapoteza hata waliokuwa wazima.