Mlima Meru: siku tatu au nne? Na asiyepanda aone nini pale chini?

Kilele_Kaskazini aliuliza:

Habari zenu wakuu. Tuko wanne, tunapanga kupanda Meru mwishoni mwa Januari, halafu siku chache baadaye tuingie Kilimanjaro. Watatu ni watembeaji wazuri ila hakuna aliyewahi kuvuka mita 3,000. Wa nne ana tatizo la goti, hatapanda. Wakala mmoja anatushauri siku tatu, mwingine siku nne, na kila mmoja anasema mwenzake anakosea. Naomba wanaoijua njia waniambie tofauti iko wapi hasa, usiku wa kilele ukoje, na huyu wa goti anaweza kutembea wapi ndani ya Hifadhi ya Arusha, ambamo mlima huo umo, bila kujiumiza.

Nyayo_za_Momella alijibu:

Ndugu, siku nne. Hesabu yenyewe hii hapa.

Geti la Momella liko karibu mita 1,500. Miriakamba, kambi ya kwanza ya kulala, ni 2,514, Saddle, kambi ya pili, ni 3,570, kilele cha Socialist Peak ni 4,562 (utakuta pia maandishi yanayosema 4,566). Kwenye safari ya siku tatu, siku ya mwisho unatoka Saddle usiku, unapanda mita 1,000, kisha unateremka mita 3,000 hadi getini siku hiyohiyo. Ni mwendo wa saa 12 hadi 13, na saa za mwisho miguu haina breki tena. Walio wengi hawaumii wakipanda. Wanaumia kwenye ngazi za kati ya Saddle na Miriakamba wakishuka, kwa sababu mapaja yamekwisha na goti ndilo linalopokea kila pigo. Ukilala Miriakamba usiku wa tatu unakata mita 1,000 za mwisho na kuziachia asubuhi ya nne, zinakuwa matembezi ya saa mbili na nusu tu.

Siku ya kwanza pia ina uamuzi wake. Kutoka Momella kuna njia mbili kwenda Miriakamba. Ya kaskazini ni fupi, karibu saa tatu, inakata uwanda wa nyasi wenye nyati na twiga kisha inapanda kwa ukali. Ya kusini inazunguka msituni kupitia mtini wenye tao, maporomoko ya Maio na upande wa sakafu ya kreta (shimo la volkano), ni saa tano hadi sita. Pandeni kwa ya kusini, teremkeni kwa ya kaskazini. Mwinuko wake ni wa taratibu, kuna kivuli, na ndiyo njia pekee itakayowaonyesha mlima huu ulivyo kabla hamjaanza kuukanyaga. Msichelewe getini, maana vikundi hupangwa na askari asubuhi, na atakayefika mchana atapewa njia fupi atake asitake.

Askari mwenye bunduki ni lazima, siyo hiari. Nyati wa Meru wanakaa hadi juu ya Miriakamba, na tembo wanatumia njia hizohizo. Ile sehemu inayoitwa Mgongo wa Tembo haikupewa jina bure. Kaeni nyuma ya askari, msiachane kwa zaidi ya mita chache, na anayetaka kujisaidia porini aseme kwanza.

Siku ya pili, Miriakamba hadi Saddle, ni fupi kwa umbali lakini ni ngazi za mbao na udongo karibu mwanzo hadi mwisho. Saa tatu hadi nne. Kosa la kawaida ni kuzipanda kwa kasi ya mjini kwa sababu asubuhi mtu anajisikia mzima. Mwendo sahihi ni ule ambao unaweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi. Mkifika Saddle, kuleni, pumzikeni saa moja hivi, halafu pandeni Little Meru, mita 3,820, chini ya saa moja kwenda. Msiiruke hata kama mmechoka: mwili unaonja kimo cha juu kisha unarudi kulala chini, na hiyo ndiyo dawa halisi ya kesho yake.

Koti_la_Mvua alijibu:

Naongezea kuhusu usiku wa kilele, maana hapo ndipo watu hupotezea safari.

Mnaamka saa sita usiku, mnaondoka kati ya saa saba na saa nane. Saa ya kwanza ni kupanda hadi Rhino Point, mita 3,800. Baada ya hapo njia inashuka kidogo, jambo linalokera kwa sababu utalipa kushuka huko wakati wa kurudi, kisha inapita juu ya miamba iliyo wazi. Hapo fimbo za kupandia zifungwe begini, mikono yote miwili iwe huru. Si kupanda kwa kamba, lakini ukiteleza kuna pa kuangukia. Mvua ikinyesha jioni na usiku ukawa na baridi kali, miamba hiyo huota utando wa barafu usiouona kwa tochi. Gusa kwa ncha ya buti kwanza, ndipo uweke uzito.

Mbele ya hapo unafuata mgongo wa ukingo wa kreta, kreta ikiwa kushoto kwako wakati wa kwenda na kulia wakati wa kurudi. Kumbukeni hilo, kwa sababu ukungu ukishuka ndilo linalomwambia mtu yuko upande gani. Ardhi ni majivu na kokoto za volkano: hatua mbili mbele, moja inarudi. Kanyaga pale mwenzako alipokanyaga, pameshashindiliwa. Cobra Point ni kama mita 4,350, na kutoka pale kila kilima kinajifanya kilele. Kilele chenyewe kina bendera na kibao, kabla ya hapo msiulize.

Baridi: joto hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kilele kina tofauti ya nyuzi 18 hivi na Momella kabla hata hujahesabu upepo. Vaa tabaka: fulana ya ndani inayokauka haraka (pamba iacheni chini, ikilowa jasho inakugandisha), sweta zito, koti la kuzuia upepo na mvua. Ondokeni Saddle mkiwa mnahisi ubaridi kidogo. Anayeondoka akiwa amejifunika kila kitu huloa jasho ndani ya dakika 20, na jasho hilo ndilo linalomtetemesha pale Cobra Point.

Betri za tochi ya kichwani hufa kwa baridi. Weka za akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili, na badilisha kabla ya kuondoka hata kama bado zinawaka. Juu ya Saddle hakuna maji kabisa: lita 3 kila mtu, angalau lita moja ndani ya chupa ya kawaida. Mrija wa begi la maji huganda kwanza, kabla ya begi lenyewe. Chupa ibebwe ikiwa imepinduliwa, barafu huanzia juu ya maji, hivyo mdomo wa chupa unabaki wazi.

Kucha za vidole vya miguu zikatwe siku tatu kabla. Wakati wa kushuka kaza kamba za buti kwenye kifundo, siyo vidoleni, ili mguu usisukumwe mbele. Majivu huingia kwenye buti. Kama hamna vifuniko vya kuzuia kokoto, suruali ndefu ivutwe juu ya buti na kufungwa.

Kilele_Kaskazini:

Asanteni sana, nimeelewa kuhusu siku nne. Je, vidonge vya kimo ni lazima? Na mtu akianza kuumwa Saddle usiku, kunafanyika nini?

Pumzi_Taratibu alijibu:

Si lazima. Kwa ratiba ya siku nne wengi hupanda Meru bila kidonge. Asetazolamaidi, maarufu kama Diamox, hutumika kwa kinga miligramu 125 asubuhi na 125 jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa au ugonjwa wa figo. Inaongeza mkojo na kuleta ganzi ya kuchomachoma vidoleni. Ni kawaida, ila ijaribuni nyumbani kwanza ili mlimani msiichanganye na dalili nyingine.

Muhimu kuliko kidonge ni kutofautisha dalili. Kichwa kuuma kidogo, hamu ya kula kupotea na usingizi kukatika pale Saddle ni mambo ya kawaida: pumzika, kunywa maji, usipande zaidi mpaka yaishe. Hapo hakuna aibu ya kubaki kitandani wenzako wakienda. Hatari ni hizi mbili. Ya kwanza, mtu anayeyumba. Mwambie atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, ubongo umeanza kuvimba. Ya pili, anayehema akiwa amekaa, na kikohozi kinachoanza kuwa na majimaji. Yoyote kati ya hizo, hakuna kusubiri kukuche. Anashushwa. Bahati ya Meru ni kwamba Miriakamba iko zaidi ya mita 1,000 chini ya Saddle na njia yake inaeleweka, na kushuka kiasi hicho mara nyingi kunabadilisha hali haraka. Lakini ashushwe akiwa na askari na mwongozaji, kamwe si na rafiki peke yake, kwa sababu ya wanyama.

Dawa za usingizi na pombe viachwe, vyote vinapunguza upumuaji usiku. Na mwongozaji aambiwe ukweli. Watu huficha kichwa kuuma wakiogopa kurudishwa, halafu wanarudishwa wakiwa wamebebwa.

Twiga_wa_Kusare alijibu:

Mimi nijibu la mwenye goti, kwa sababu wapandaji huwa wanaona Hifadhi ya Arusha kama njia ya kupitia tu, na ni haki yake aone vizuri.

Kutoka Momella kuna matembezi ya mguu pamoja na askari kwenda maporomoko ya Tululusia. Ni njia ya miinuko midogo, na anageuka pale goti litakaposema. Mtini wenye tao ataufikia kwa gari. Ni mti ulioanza maisha juu ya miti mingine, ukateremsha mizizi ukaizunguka, na miti ile ya ndani ilipooza ikabaki nafasi ambayo gari lilikuwa linapita. Pale asimame kimya dakika kumi, mbega weusi kwa weupe watajitokeza wenyewe juu ya matawi.

Kama goti linaruhusu kidogo, aombe kufika mahali panapotazama sakafu ya kreta. Meru ulikuwa mlima mrefu zaidi. Upande wake wa mashariki uliporomoka takriban miaka 8,000 iliyopita, na tope na mawe yakatiririka kuelekea Kilimanjaro. Kilichobaki ni ukuta wa mwamba unaokaribia mita 1,500 wima, na katikati yake koni ya majivu ambayo ilivuta moshi na majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Ukuta huo huonekana vizuri asubuhi mapema, jua likiupiga usoni kutoka mashariki. Ikifika saa nne mawingu huwa yameshaanza kuufunika.

Maziwa ya Momella yamekaa kwenye mabonde yaliyoachwa na kuporomoka hukohuko kwa mlima. Maji yake ni ya magadi, yanalishwa zaidi na mikondo ya chini ya ardhi, na kila ziwa lina madini na mwani wake, ndiyo maana rangi zinatofautiana kutoka ziwa moja hadi jingine umbali wa kutembea tu. Heroe hufuata mwani, kwa hiyo wakikosekana Momella Kubwa asikate tamaa, azunguke hadi jingine. Kwenye Momella Ndogo kuna mtumbwi wa kupiga kasia ukiwa na askari, na hiyo ndiyo namna nzuri kuliko zote kwa mtu wa goti: anakaa, na viboko na nyati wanaonekana kutoka majini.

Kreta ya Ngurdoto, kama kilomita 3 kwa upana, hutazamwa kutoka ukingoni tu, hairuhusiwi kushuka ndani. Leitong ndicho kituo cha juu kabisa cha kutazamia. Abebe darubini, bila hiyo nyati wa kule chini ni nukta nyeusi.

Nyayo_za_Momella:

Sahihi kabisa. Niongezee kuhusu Kilimanjaro baada ya Meru. Faida mliyoipata juu haidumu; ndani ya wiki moja hadi mbili mwili unaisahau. Pumzikeni siku mbili, tatu zikizidi, kisha ingieni. Siku za mapumziko ni za mapaja, siyo za mapafu: tembeeni tambarare, kuleni vya kutosha, msikimbie.

Na mifuko ya plastiki iachwe nyumbani, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Nguo za akiba zifungeni kwenye mifuko ya kitambaa isiyopitisha maji, kwa sababu hata Januari mvua inaweza kunyesha mchana bila taarifa kwenye msitu wa chini ya Miriakamba. Mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, vitu vyake mwenyewe vikiwemo. Ninyi kila mmoja alenge kilo 12 hadi 13. Pimeni kabla hamjafika getini, maana pale ndipo mtu huanza kutoa vitu begini akiwa na haraka, na cha kwanza kutolewa huwa ni sweta zito.