Re: Karamu ya fumbo, shingo yangu na hela ya haraka

Kutoka: Mdogo wenu, Leicester

Shikamooni wakubwa zangu. Nina mawili leo, naomba msinichoke.

La kwanza, dada wa Shangani, habari za karamu yako ya fumbo, ile ya wageni kucheza na kumtafuta mwizi, zimetufikia huku. Nami nataka kuwaandalia wenzangu wa kazini, watu wanane, hapa hapa nyumbani. Naanzia wapi?

La pili, Ijumaa iliyopita nimesimama kwenye taa, gari likanigonga kwa nyuma. Shingo imekaza, goti lilijipiga chini ya usukani na bado limevimba. Jana kapiga simu mtu anasema yuko upande wa bima ya aliyenigonga. Anataka tumalizane leo kwa paundi 300, nisaini kwenye simu. Nichukue?

Kutoka: Dada, Shangani, Mtwara

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Naanza na la pili maana lina haraka. Usichukue. Usisaini chochote.

Nakwambia haya kwa uchungu. Mwaka 2016, nikiwa bado huko, niligongwa vivyo hivyo. Siku ya tatu nikapigiwa simu, nikapewa hela, nikasaini nikashukuru. Maumivu yakakaa miezi 11. Mto ulinishinda, nikawa nalaza shingo kwenye kanga niliyoikunja mara nne. Nilipouliza tena nikaambiwa nimeshamaliza, sina dai.

Wewe umezaliwa huku, kangomba unaijua. Mkulima ana shida ya ada ya mtoto, korosho zingali mtini, anakuja mtu na fedha mkononi anazinunua kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika mnada unafunguliwa, wenzake wanapokea, yeye hana gunia. Hela ya kabla ya ripoti ya daktari ni kangomba ya mwili wako.

Na sheria imebadilika tangu nilipoumia mimi. Kwa England na Wales, ajali za kuanzia 31 Mei 2021 ziko chini ya utaratibu mpya uliotokana na sheria ya mwaka 2018. Sasa kampuni za bima zimekatazwa kumalizana na mtu kwa maumivu ya shingo ya kugongwa na gari kabla ya ripoti ya daktari. Kwa hiyo huyo aliyekupigia, ama hajui kazi yake ama si anayedai kuwa. Mwombe jina la kampuni na namba ya faili kwa maandishi, kisha kata simu.

Fidia ya shingo nayo siku hizi ina viwango vilivyopangwa kwa muda wa maumivu. Yasiyozidi miezi mitatu yalianza na paundi 240. Na kwa ajali za kuanzia 31 Mei 2025 viwango vimepanda kwa kama asilimia 15, hicho cha chini kikawa 275. Ni kidogo, sikufichi. Zamani watu walilipwa zaidi. Dai la kuumia lisilozidi paundi 5,000 linakwenda kama dai dogo, maana yake hata ukishinda, gharama ya wakili hulipiwi na upande wa pili. Ndiyo maana wamefungua tovuti inaitwa Official Injury Claim: unajaza mwenyewe, hulipi kitu. Upande wa aliyekugonga ukikubali kosa, ripoti ya daktari wanailipia wao.

Sasa goti lako, hapo soma taratibu. Goti halimo kwenye viwango vile vya shingo. Machi 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mtu aliyeumia shingo na kingine hesabu zake zinajumlishwa, kisha wanapunguza tu pale ambapo maumivu yale yale yamehesabiwa mara mbili. Kwa hiyo ukifika kwa daktari usiseme "shingo tu, mengine yatapoa" kama tulivyolelewa. Taja goti. Taja usiku usiolala. Andika kwenye daftari kila siku, na risiti za dawa na siku za kazi ulizokosa weka pamoja.

Haya, karamu.

Fumbo nililitoa hapa hapa. Imepotea stakabadhi ya ghala, ile karatasi anayopewa mkulima korosho zikishapimwa, kama tunavyofanya tangu 2007. Kila mgeni nilimpelekea kikaratasi siku tatu kabla: wewe karani wa ghala, wewe mpima mizani, wewe dereva wa lori, wewe nahodha wa jahazi kutoka Mikindani, wewe mnunuzi mgeni. Kwa chini nimeandika siri moja ya kuficha na jambo moja ambalo ukiulizwa lazima useme kweli. Mwizi peke yake ndiye anaruhusiwa kudanganya. Hapo ndipo utamu wote ulipo, usipunguze.

Dalili nilizitoa pamoja na chakula, moja kila sahani inapoingia. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi ikaja na barua. Wali wa nazi na pweza ukaja na ufunguo. Mwisho, na chai, nikaleta karatasi yenye doa la bibo, tunda la mkorosho. Unajua doa la bibo halitoki nguoni. Mnunuzi alikuwa ameapa hajawahi kukanyaga shamba, na mkono wa kanzu yake, niliyomvalisha mimi mwenyewe, ulikuwa na doa lile lile. Shangazi wa yule aliyecheza nahodha alisimama akamshika mnunuzi mkono akauinua juu mbele ya watu, nyumba nzima ikapiga kelele.

Lakini sikiliza kosa langu. Nilizima taa wakati wa wizi ili watu washtuke. Ukumbini nilikuwa nimesahau mbuzi ya nazi. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akaipiga kwa muundi na akachubuka. Nilimfunga kitambaa nikiwa natetemeka. Hapa tuliombana radhi, kesho yake nikampelekea supu. Huko kwako kuna sheria ya mwaka 1957 inayomtaka mwenye nyumba achukue tahadhari ya kawaida kwa wageni wake. Usizime taa. Funika taa kwa kitambaa chepesi mbali na balbu, au waambie wafumbe macho. Ngazi ziwe tupu. Na soma karatasi ya bima yako ya nyumba uone kama inamgusa mgeni anayeumia.

Kutoka: Kaka, Lindi (likizo), kwa kawaida Glasgow

Dada umeeleza vizuri. Naongeza kwa wenzangu wa Scotland: viwango hivyo na tovuti hiyo si vyetu, sisi tuna sheria yetu, msijaze. Na hata England, kile kikomo cha paundi 5,000 hakimgusi aliyegongwa akitembea kwa miguu, au akiwa kwenye baiskeli au pikipiki. Watoto nao wana njia yao. Vijana wetu wengi wanapeleka chakula kwa baiskeli, tafadhali wafikishieni.

Muda wa kufungua kesi kwa kawaida ni miaka mitatu tangu siku ya ajali. Mdogo wetu huna sababu ya kuharakishwa na simu ya mtu.

Kutoka: Mdogo wenu, Leicester

Nimepiga simu leo asubuhi kwa namba iliyo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe ya bima. Wanasema faili langu halina mtu aliyepewa kazi ya kunipigia. Mwili umenisisimka. Kwa daktari naenda Jumatano, na goti nitalitaja.

Dada, bibo huku sitapata. Doa nilitengeneze kwa nini?

Kutoka: Dada, Shangani, Mtwara

Chai ya rangi, ichemshe mpaka iwe nzito kabisa. Paka kwenye karatasi na kwenye mkono wa shati usiku wa kuamkia karamu, uache ikauke. Na Jumatano ukitoka kwa daktari niandikie.