Kumwita bata mzinga mwitu: kisahani cha sleti, cha kioo au cha alumini?

Kigoma_Louisville
Habari zenu wana pori. Leseni na kibali cha bata mzinga ninavyo tayari hapa Kentucky, na msimu unafunguliwa katikati ya Aprili. Sasa natafuta kisahani cha kumwitia dume, kile kifaa kidogo cha duara kinachosuguliwa kwa kijiti kuiga sauti ya jike. Dukani nimeona vya sleti, vya kioo na vya alumini, kila kimoja na kijiti chake cha kusugulia, na visanduku vya mbao pia. Nataka kujifunza milio sawasawa. Mngeanza na kipi?

MzeeWaOzark
Karibu kaka. Anza na sleti. Ni laini, inashika kijiti vizuri, na mkono ukiyumba kidogo haipigi ukelele wa kumshtua ndege. Jike akila kwa utulivu hutoa mkoromo wa chinichini. Kwenye sleti unaupata kwa kuburuta kijiti polepole bila kukandamiza, ncha ikawa inarukaruka yenyewe. Kwenye kioo mkoromo huo unadai mkono uliozoea.

Usikilaze kisahani kiganjani. Chini kina matundu ya kutolea sauti, ukiyaziba sauti inakufa. Kishike ukingoni kwa ncha za vidole. Kijiti kishike kama kalamu, kilale kidogo, kisisimame wima. Kwa mwito wa kawaida wa jike chora duara dogo lililobonyea, na ncha isiinuke kabisa: sauti huanza juu, nyembamba, kisha hushuka ikawa nzito. Duara moja, mlio mmoja. Kwa ule mlio mfupi wa "tok", vuta mara moja tu kwa nguvu, ukomee hapo hapo. Karibu na ukingo sauti ni kali, ukielekea katikati inakuwa nzito. Tafuta mahali kisahani chako kinapolia vizuri, upazoee.

DadaWaPennsylvania
Shikamoo mzee. Kwa kujifunzia sleti nakubali, ila huku kwetu asubuhi za majira ya kuchipua ni umande na mvua, na sleti ikilowa haitoi kitu. Kioo na kijiti cha kaboni au akriliki vinalia hata vikiwa na maji. Tena sauti ya kioo inakwenda mbali. Alumini ni kali zaidi, nzuri siku ya upepo mlimani kumtafuta dume aliye mbali. Akishakaribia, mimi naiona kali mno.

Na uso wake utunzwe. Sleti inatosha ile pedi ya kijani ya kusugulia masufuria, kioo kinataka msasa au jiwe lake. Sugua kuelekea upande mmoja, halafu kijiti kipite kukatiza mistari hiyo. Usiuguse uso kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaufanya uteleze.

Msituni_Iowa
Mbona kisanduku mnakiruka? Henry Gibson wa Arkansas alikisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1897 na umbo lake mpaka leo ni lile lile. Unatelezesha kifuniko juu ya ubavu, na mtu anatoa mlio wa kueleweka siku hiyo hiyo. Kipake chaki isiyo na mafuta, basi.

MzeeWaOzark
Marahaba, dada yangu. Kuhusu mvua umesema kweli. Na wewe wa Iowa, kisanduku ni kizuri kwa sauti kubwa, lakini milio ya chini ya kumvuta ndege aliye karibu nazidi kuiamini sleti.

Kaka wa Louisville, kabla ya kununua kisahani cha pili nunua kijiti cha pili. Sleti ile ile ukiipigia kijiti cha hikori na kisha cha mti mwingine mgumu, utasikia majike wawili tofauti.

Halafu kumbuka, kisahani kinataka mikono miwili na macho ya dume ni makali mno. Akianza kuonekana, kiweke chini, bunduki iwe tayari gotini. Wengine humalizia kwa kiwambo cha mdomoni, utando mdogo unaopulizwa na kuiga sauti ya jike bila kutumia mikono. Tena kwa maumbile yao jike ndiye anayemfuata dume, kwa hiyo ukimwita dume mno anasimama hapo alipo akingoja uende. Nyamaza. Kwangua majani makavu kwa mkono, asikie jike anayekula.

DadaWaPennsylvania
La usalama nalo: usivae nyekundu, nyeupe wala buluu, ndizo rangi za kichwa cha dume. Kaa na mti mpana kuliko mabega mgongoni. Ukisikia jike analia, usimnyatie, huenda ni mwindaji mwenzako.

Kigoma_Louisville
Asanteni sana. Nachukua sleti na vijiti viwili, kioo kitafuata. Naruhusiwa kwenda kufanyia mazoezi porini kabla ya msimu?

MzeeWaOzark
Hata kama sheria haikukatazi, mimi nakukataza. Madume wakishasikia mwito na wasimkute jike, wanakuwa wazito kuja. Fanyia mazoezi nyumbani, ujirekodi kwa simu. Porini nenda alfajiri bila kisahani, usikilize majike wenyewe wakishuka mitini, na uweke alama mahali madume wanapolala.