MREJESHO: Nyota pacha zilizozeeka bado zina sumaku kali, kwa nini?

Habari za siku, wakuu. Niliuliza kwa nini nyota inapozeeka sumaku yake hufifia, lakini baadhi ya nyota pacha (mbili zinazozungukana), ingawa zimezeeka, kromosfia zake, yaani tabaka la gesi lililo juu ya uso wa nyota, bado zinawaka. Nashukuru sana, nimeelewa.

Siri ni kujizungusha. Jua letu hujizungusha mara moja kwa takriban siku 25, na upepo wake wa chembe unazidi kulipunguza kasi. Pacha wanaokaribiana hawapungui kasi hivyo: kila mmoja anamvuta mwenzake, kama mwezi unavyovuta bahari, hadi siku ya nyota ilingane na safari yake ya kumzunguka mwenzake. Pacha wa nyota iitwayo RS Canum Venaticorum huzungukana kwa siku 4.8 tu! Kasi hiyo ndiyo inayolisha sumaku.

Kilichonigusa zaidi ni grafu ya kalisi, inayoonyesha mwanga wa nyota kwa kila urefu wa wimbi. Kwenye nanometa 393.4 na 396.8 kuna mabonde mawili mapana, meusi, ambako kalisi humeza mwanga. Katikati ya bonde, nyota yenye sumaku kali huinua kilima chembamba cha mwanga. Hiyo ndiyo kromosfia yenyewe.

Katika swali langu nilikosea kuitaja nyota ya Capella kama mfano. Pacha wake huzungukana kwa siku 104, hivyo hata wakifungana hawawezi kupata kasi kama ile. Mmoja anawaka zaidi kwa sababu bado anajizungusha upesi.

Jana alfajiri nilitoka nje hapa Uyole, Mbeya, baridi ya Agosti inauma mpaka mifupani, nikaiona Capella kaskazini mashariki. Nilisimama pale mpaka kukapambazuka.